Kutoka tipoyi hadi klima: nani anapata baridi katika njia ya Kasongo na Kabambare?

KASONGO – Pikapu ya zamani ikipita njia ya Kabambare wakati wa kiangazi, watu wa kando ya barabara hutazama kwanza vioo vyake. Vikiwa vimefungwa mpaka juu, watoto hujua: ile iko na klima. Nyuma, juu ya magunia na bido za mafuta, akina mama wamejifunika uso kwa kitenge, vumbi limewajaa nywele. Motokari ni moja, lakini imebeba safari mbili. Jambo hilo ni la zamani kuliko motokari yenyewe.

Katika karne ya 19 njia hii ilikuwa ya misafara. Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip, ambaye jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Pembe za tembo na watumwa walipitishwa Kabambare kuelekea ziwa Tanganyika, na kutoka Ujiji mpaka pwani. Mzigo wote ulibebwa na mabega ya watu. Mwezi wa 4 mwaka 1893 askari wa Dhanis, waliotumwa na serikali ya mfalme Leopold, waliuteka mji wa Kasongo. Mabwana walibadilika, mabega yakabaki yaleyale. Mzungu wa serikali alisafiri katika tipoyi, kile kiti cha kubebwa, mara nyingi kikiwa na kivuli juu yake. Tipoyi ndiyo klima ya kwanza ya Maniema ya kusini: mmoja kivulini, wengine juani wakimbeba.

Reli ya Kindu hadi Kongolo ilimalizika mwaka 1911, lakini ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kabambare haikupata reli. Kwa hiyo barabara ndiyo ilibaki roho ya eneo hili, na wanakijiji ndio walioilima kwa jembe, wengi wao kwa kulazimishwa. Malori na motokari za mamisioni, za makampuni ya migodi na za serikali zikafuata. Baridi ndani yake haikuwepo. Shofere alifungua kioo, akameza vumbi sawa na abiria wake.

Wakati huo, ng'ambo ya bahari, mashine ya baridi ilikuwa imeshazaliwa. Mmarekani Willis Carrier aliibuni mwaka 1902, na wala hakuwa anawafikiria watu: ilikuwa kwa ajili ya kiwanda cha kuchapa karatasi mjini Brooklyn, ambako unyevu uliharibu karatasi. Mwaka 1939 kampuni ya Packard ilionyesha motokari ya kwanza ya kiwandani iliyo na klima. Bei ya kifaa hicho peke yake ilikuwa dola 274, na kilikula nusu ya buti. Tena hakikuwa na swichi ya kukizima: shofere aliyesikia baridi kali alipaswa kusimama, kufungua boneti na kutoa mkanda kwa mkono. Fundi wa Kasongo akisikia habari hiyo atacheka, maana hata leo mkanda ukitolewa, klima imekufa.

Miaka ya 1950 na 1960, huko Texas na majimbo mengine yenye joto, watu walianza kununua klima ya kuongezea: sanduku linalofungwa chini ya dashibodi ya motokari iliyotoka kiwandani bila baridi. Kazi ambayo fundi anafanya leo katika pikapu ya zamani inatokana na desturi hiyo.

Katika Maniema, pikapu hiyo mara nyingi ni Toyota Land Cruiser. Familia ya namba 70 ilianza mwaka 1984. Injini yake ya mazuti inayoitwa 1HZ, silinda sita za mstari mmoja, lita 4.2, bila turbo, ilitoka mwaka 1990. Mashirika ya afya, ya dini na ya migodi yaliipenda kwa sababu inavumilia matope na inafunguliwa kwa funguo za kawaida. Nyingi zilitolewa bila klima, kwa kupunguza bei na vitu vya kuharibika.

Kuiongeza si uchawi. Kunatakiwa kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini, kondensa inayokaa mbele ya radiatere, kichujio cha kukausha unyevu, valvu ndogo ya kupunguza mgandamizo, na sanduku la baridi ndani ya kabini. Gesi hugandamizwa, ikapoza joto lake mbele ya radiatere na kuwa maji, kisha ikafunguka ghafula ndani ya sanduku na kunyonya joto la kabini. Kosa la wengi ni kujaza gesi bila kwanza kuvuta hewa na unyevu kwa pampu. Unyevu ukibaki, valvu huganda na kompresa hufa mapema. Kosa la hatari zaidi ni kujaza gesi ya kupikia: bomba likipasuka ndani ya kabini, cheche moja inatosha kuwaua waliomo.

Gesi yenyewe ina historia yake. Motokari za zamani zilitumia R-12. Wanasayansi waligundua kwamba jamii hiyo ya gesi inatoboa tabaka la ozoni linalokinga dunia na jua kali. Tarehe 16 mwezi wa 9 mwaka 1987 mataifa yalitia sahihi mkataba wa Montréal, na tangu miaka ya 1990 motokari mpya zikahamia R-134a. Hiyo nayo haitoboi ozoni, lakini inaongeza joto la dunia. Ndiyo sababu mwezi wa 10 mwaka 2016, huko Kigali, jirani kabisa, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Mwenye klima ya R-12 hawezi kumwagia R-134a juu yake tu: mafuta ya kompresa lazima yabadilishwe, na mipira ya viungo vilevile.

Lakini baridi yenye faida kubwa katika njia hizi haikuwa ya dashibodi. Miaka ya 1970 mradi wa afya wa Kasongo, uliofanywa pamoja na taasisi ya tiba ya Antwerp, ulichanja watoto dhidi ya surua, na matokeo yake yaliandikwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet. Chanjo kama hiyo hutunzwa kati ya digrii 2 na 8. Hiyo ndiyo baridi iliyostahili kusafiri: sanduku dogo lenye barafu. Bila sanduku hilo, sindano ni maji tu.

Leo njia ya Salamabila, Kabambare na Kasongo ina wasafiri wengine. Familia zinazokimbia mapigano hufika kwa miguu, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Mwenye bahati hupata nafasi nyuma ya pikapu. Hapo ndipo hesabu ya klima inabadilika. Kompresa inakula nguvu ya injini na mazuti, na bei ya mazuti hulipwa na abiria wa nyuma pia. Hata hivyo klima si anasa tupu. Wakati wa mvua inakausha ukungu kwenye kioo, na shofere anaona shimo kabla ya kuliingia. Mama aliyetoka kujifungua kwa shida, akiwekwa ndani na vioo vikifungwa, hapati vumbi wala jua.

Kwa hiyo swali si kama pikapu ya zamani ifungwe klima. Swali ni nani atakaa mbele. Turubai juu ya fremu ya chuma nyuma ya pikapu ni bei ndogo kuliko kompresa, na inawapa kivuli watu kumi. Mwenye motokari akiwa na pesa ya kitu kimoja tu, aanze na turubai. Akiwa na pesa ya vyote viwili, siku akikuta mgonjwa njiani, amweke mbele, mkubwa apande nyuma. Enzi za tipoyi zilikwisha.