Kupanga wafanyakazi kwa madaraja: athari zake kwa ari na tija

Kupanga wafanyakazi kwa madaraja ni utaratibu ambao meneja hulazimika kila mwaka kuwagawa watu wake katika mafungu, kwa asilimia zilizowekwa tangu awali. Ulivuma zaidi kupitia kampuni ya General Electric ya Marekani, iliyoongozwa na Jack Welch kuanzia 1981 hadi 2001. Huko asilimia 20 walihesabiwa kuwa bora, 70 wa kati, na 10 wa mwisho, ambao kwa kawaida walitakiwa kuondoka. Welch alijitetea kuwa ukatili ni kumficha mtu udhaifu wake hadi azeeke kazini.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Steven Scullen na wenzake walipoujaribu mfumo huo kwa mfano wa kompyuta mwaka 2005, waliona ubora wa wafanyakazi ukipanda haraka katika miaka ya mwanzo, kisha faida ikapungua mwaka hadi mwaka. Wazembe wakishaondoka, wanaobaki kukatwa ni watu wazuri. Na kompyuta, ikumbukwe, haina kinyongo.

Binadamu anacho. Katika kampuni ya Microsoft ilielezwa kuwa wafanyakazi hodari walikwepa kuwa kundi moja na hodari wenzao, kwani penye watu 10 lazima mmoja awe wa mwisho hata kama wote wamefanya vizuri. Kampuni hiyo iliufuta mfumo Novemba 2013. Ford iliuanzisha kwa mameneja wake mwaka 2000, ikashitakiwa kwa madai ya kuwabagua wenye umri mkubwa, ikauacha Julai 2001 na kukubali kulipa dola milioni 10.5 kumaliza kesi.

Kwa wasafirishaji hatari ni kubwa zaidi. Mwenye malori 8 anayetaka kumwondoa dereva wa mwisho kwa kuhesabu siku za safari, ajiulize kwanza siku hizo zimepotelea wapi. Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupita Tunduma na Kasumbalesa. Foleni ya mpakani na nyaraka zilizocheleweshwa na wakala haziko mikononi mwa dereva. Akikutana nazo safari mbili mfululizo, atakuwa wa mwisho bila kosa. Tena madereva wakishajua kuwa mmoja wao lazima aondoke, aliyeona foleni mapema hatampigia mwenzake simu, na aliyepasukiwa tairi atapitwa njiani. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari la safari, lakini mwenye mzigo huilipa.

Njia mbadala ni kumpima kila dereva kwa kiwango kinachojulikana: mafuta yaliyotumika kwa njia ileile, mzigo uliopungua, ajali. Muda wa mpakani uandikwe kando. Kwa kipimo hicho madereva wote 8 wanaweza kufaulu. Wakishindwa wote, ofisi ndiyo ya kukaguliwa kwanza.