Wachezaji wa michezo ya kuiga maisha

Michezo ya kuiga maisha ni michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huendesha siku za wahusika: kula, kulala, kazi, mapenzi, ujirani. Kwa kawaida haina mshindi, hivyo raha yake hutegemea sana malezi na hulka ya anayecheza. Hata watunzi walianzia kwao wenyewe. Mmarekani Will Wright alibuni The Sims (2000) baada ya nyumba yake kuteketea katika moto wa Oakland mwaka 1991, akalazimika kununua upya vyombo na samani. Katsuya Eguchi alichota Animal Crossing, iliyotoka Japani mwaka 2001, katika upweke wa kuhamia Kyoto, mbali na jamaa na marafiki.

Wachezaji nao hutofautiana: mpenda mpangilio hujenga nyumba usiku kucha bila kumjali mkaaji wake. Mpenda visa hutafuta ugomvi na talaka. Mwaka 1996 mtunzi wa michezo Richard Bartle aliwagawa wachezaji wa mtandaoni katika makundi manne, lakini mgawanyo huo hautoshi hapa, kwani msiba au ndoa humbadilisha mchezaji yuleyule. Katika The Sims 3 (2009), mhusika mtu mzima huchaguliwa hadi tabia tano, na wapo wachezaji wanaoanza kwa kujiumba wenyewe.