Ribe: Walipoanzia Wamethodisti wa Kenya

Ushirika wa Wamethodisti wa Ribe ulianza mwaka 1862. Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye mwaka 1844 alimzika mkewe na mtoto wao mchanga huko Mombasa, ndiye aliyewaleta wamisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza. Afya ikamshinda, akarudi kwao mwaka huohuo wa 1862. Kati ya wamisionari hao, aliyebaki ni kijana Thomas Wakefield.

Wakefield hakuhubiri tu. Aliketi na Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara, akimsikiliza na kuandika njia za bara: maji yanapatikana wapi, kambi hadi kambi ni mwendo gani. Maelezo hayo yalichapishwa London mwaka 1870 pamoja na ramani. Bila Sadi kusingekuwa na ramani, na jina lake linastahili kusomwa hapa kwanza.

Rebecca, mke wa Wakefield, alifariki Ribe mwaka 1873. Mmisionari mwenzao Charles New, aliyeishika theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871, alifariki mwaka 1875 akirejea kutoka Uchagani.

Wenyeji waliowapokea wamisionari hao ni Waribe, mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda. Msitu wao mtakatifu, Kaya Ribe, ungali umesimama jirani.

Mwaka 1912 Wamethodisti walifika Meru. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti la Kenya likajitawala.