Kabati la Jikoni la Mpangaji: Kutoka Frankfurt hadi Nairobi

Kabati la jikoni la kujengewa, yaani lile linalofungwa pamoja na nyumba na kubaki humo mpangaji anapohama, liliingia katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida kwa uamuzi wa serikali ya mji kabla ya kuwa bidhaa ya dukani. Uamuzi huo ulifanyika Frankfurt, Ujerumani, katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, na mtu aliyeusimamia, msanifu majengo Ernst May, baadaye aliishi na kufanya kazi Tanganyika, Kenya na Uganda kwa takribani miaka ishirini. Kwa hiyo suala la namna familia yenye fedha kidogo inavyopata mahali pa kuweka unga, sufuria na sahani lina historia inayoziunganisha sehemu hizi mbili za dunia, ingawa uhusiano huo haukuzaa matunda ambayo ungeweza kuyazaa.

Ujerumani ilitoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia ikiwa na upungufu mkubwa wa nyumba, kisha mfumuko wa bei wa mwaka 1923 ukaifanya sarafu yake ipoteze karibu thamani yote. Mfumuko huo uliwafaidisha wamiliki wa nyumba za zamani, kwa sababu madeni waliyokopea majengo yao yaligeuka kuwa si kitu, na ndiyo maana mwaka 1924 serikali ilianzisha kodi maalumu juu ya nyumba zilizojengwa kabla ya mwisho wa vita, ambayo sehemu ya mapato yake ilikwenda kugharimia ujenzi mpya. Kwa fedha hizo na nyinginezo, May, aliyekabidhiwa idara ya ujenzi ya Frankfurt mwaka 1925, alijenga nyumba zaidi ya 10,000 katika muda wa miaka mitano.

Nyumba hizo zilikuwa ndogo, na udogo wao ndio ulioleta swali la kabati. Familia ya Kijerumani ya wakati ule ilikuwa na kabati kubwa la vyombo lililosimama peke yake, zito na pana, ambalo lilitengenezwa kwa ajili ya jiko la kupikia na kukalia pamoja. Katika nyumba mpya lisingeenea, na mpangaji aliyekwisha kubanwa na kodi ya pango asingeweza kumwagiza seremala amtengenezee jingine. Jibu lilikuwa kulifanya jiko zima, pamoja na makabati, sinki na meza ya kazi, kuwa sehemu ya jengo, ili gharama yake iingizwe katika mkopo wa ujenzi na kulipwa kidogo kidogo ndani ya kodi ya kila mwezi. Katika historia yote ya kabati nafuu hakuna hatua inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko hii, kwa kuwa ilimwondolea mpangaji mzigo uliomshinda daima, ule wa kutoa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja.

Mchoro ulifanywa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, aliyezaliwa Vienna mwaka 1897 na ambaye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Austria kusomea usanifu majengo. Alikuwa amesoma maandishi ya Mmarekani Christine Frederick, aliyechukua mbinu za viwandani za kuhesabu hatua na dakika za mfanyakazi na kuzipeleka katika kazi za nyumbani. Aliangalia pia majiko ya mabehewa ya reli, ambamo wapishi waliandaa chakula cha watu wengi katika nafasi finyu mno. Jiko lake lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi. Chini ya dirisha aliweka meza ya kazi ya mbao za mti wa Ulaya uitwao beech kwa Kiingereza, mti mgumu unaovumilia kisu, yenye mwanya wa kuangushia maganda; pembeni kulikuwa na ubao wa kupigia pasi uliokunjwa ukutani, na juu ya sinki chanja ya kuchujia sahani maji ili zisihitaji kufutwa. Sukari, mchele na dengu vilikaa katika droo ndogo za alumini zenye midomo ya kumiminia, lakini unga uliwekwa katika droo za mwaloni, kwa kuwa tanini iliyomo katika mti huo iliaminika kuwafukuza wadudu. Milango ilipakwa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, kwa imani kwamba nzi hawapendi kutua juu yake.

Unafuu wa kazi hii haukutokana na ubaya wa vifaa. Ulitokana na kurudiwa: jiko la aina hii, katika sura zake mbalimbali, liliwekwa katika nyumba takribani 10,000, hivyo kiwanda kilikata mbao kwa vipimo vilevile siku baada ya siku. Hata hivyo wapangaji hawakuridhika wote, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Watu wawili hawakuweza kupika pamoja, mtoto hakuwa na mahali pa kukaa karibu na mama yake, na katika mtaa wa Römerstadt, ambako majiko yalitumia umeme, ankara ziliwaelemea wakazi. Zaidi ya hayo, kodi zenyewe zilikuwa juu ya uwezo wa vibarua, na wengi walioingia walikuwa makarani na mafundi wenye ajira za kudumu.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikausha fedha za ujenzi. Mwaka uliofuata May aliondoka kwenda Umoja wa Kisovieti pamoja na wenzake, akiwemo Schütte-Lihotzky, na baada ya utawala wa Hitler kumfungia njia ya kurudi kwao, mwaka 1934 alifika Tanganyika akaanza kilimo karibu na Arusha. Baadaye alifungua ofisi Nairobi, akawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui wakati wa vita, kisha akachora mpango wa upanuzi wa Kampala, jengo la chama cha ushirika cha KNCU mjini Moshi na Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa. Alibuni pia nyumba ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya wakazi Waafrika, ingawa maandishi yake yalibeba mtazamo wa kikoloni kwamba Mwafrika hana budi kuzoeshwa maisha ya mjini hatua kwa hatua.

Inasikitisha kwamba mtu alifika lakini utaratibu wake ukabaki nyuma. Frankfurt ilikuwa na halmashauri iliyowajibika kwa wapiga kura wake. Nairobi ya wakati ule ilimhesabu mfanyakazi Mwafrika kuwa kapera wa kupita, ikampa nafasi ya kitanda na jiko la kuchangia. Hata tume ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter, iliyotoa ripoti mwaka 1954, ililazimika kupendekeza kwamba mshahara utosheleze familia, jambo linaloonyesha kwamba kabla yake haukukusudiwa hivyo. Katika nyumba za Waswahili, ambako upishi ulifanyika uani, uhifadhi ulikuwa na ufundi wake wa siku nyingi: zidaka zilizochongwa katika kuta za mawe, susu iliyoning'inizwa ili chakula kisifikiwe na panya, na chanja ya miti ya kuanikia vyombo. Vyote hivyo vilikuwa nafuu kweli, lakini vilitegemea nyumba yenye ua, na chumba cha kupanga mara nyingi hakina ua wake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia unafuu ulihamia katika vifaa. Mbao za chembe, yaani vumbi na vipande vya mti vilivyoshindiliwa kwa gundi, zilizoanza kutengenezwa Ujerumani kwa kiwango cha viwanda mapema katika miaka ya 1940, na baadaye MDF, ambayo ni nyuzi za mti zilizobanwa zikawa bapa na laini, zilipunguza bei ya kabati kwa kiasi kikubwa, pamoja na udhaifu wao wa kuvimba zikiingiwa na maji. Katika Afrika Mashariki bapa hizo hufika kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, ambao hupima kila jiko upya, kwa kuwa vyumba havikujengwa kwa kipimo kimoja. Mwenye nyumba asiye na fedha za kutosha hujenga kwanza kaunta ya matofali na zege, hutumia pazia badala ya milango, kisha humwita fundi kufunga fremu za msonobari na bawaba kadiri fedha zinavyopatikana. Gharama ambayo Frankfurt iliigawa katika kodi ya miaka mingi, yeye huigawa mwenyewe, mlango mmoja baada ya mwingine.