Mbenzi Yako ya Zamani Inavuja Oili ya Stelingi? Soma Hii Kabla Fundi Akuuzie Pampu

Umeamka asubuhi, umetoa ndai mahali ulipaki, na pale chini ya pua ya Mbenzi kuna doa la oili. Ukikata kona kuingia barabarani, stelingi inalia kama ng'ombe mwenye njaa. Unampigia fundi, na kabla hata afungue boneti ameshasema: "Buda, hiyo ni pampu. Leta doh."

Tulia kwanza. Kwa Mbenzi za zamani, oili ya stelingi ikivuja, pampu ndiyo hulaumiwa hata kama haina makosa. Kuna sehemu tano ambazo oili hupenda kutoroka, na baadhi zinarekebishwa kwa sili ndogo au klampu. Ukijua pa kuangalia, hakuna mtu atakubeba ufala.

Hapa tunaongelea hasa W124, ile Mbenzi ya boksi iliyoanza kuundwa 1984 hadi katikati ya miaka ya 90, W210 ya macho manne ya duara (1995 hadi 2002), na W211 iliyoifuata (2002 hadi 2009). Zamani hizi zilikuwa gari za wadosi, hadi wenyewe wakaitwa wabenzi. Siku hizi hata msee wa kawaida anaweza kuinunua. Lakini kwa kawaida Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo hiyo unauziwa leo si mgeni hapa. Imepitia mikono kadhaa, matuta mengi, na mipira yake imekaushwa na joto la injini.

Hii kitu inafanyaje kazi?

Mbele ya injini kuna pampu inayozungushwa na mshipi. Juu yake, kwa hizi Mbenzi, kumekaa kikopo cha kuwekea oili. Pampu inavuta oili kutoka kwa kikopo, inaisukuma kwa presha kali kupitia paipu nene hadi kwa boksi ya stelingi, kisha oili inarudi kwa kikopo kupitia paipu nyingine ya presha ndogo.

Hiyo presha kali si mchezo. Ukizungusha stelingi hadi mwisho, inaweza kupita mara thelathini ya presha iliyo ndani ya tairi yako. Ndiyo maana sili iliyochoka huvuja tone moja moja gari ikiwa imesimama, halafu ikamwaga vibaya ukianza kukata kona.

Tofauti moja ya kuweka akilini: W124 inatumia boksi ya stelingi, lile dude la chuma lililofungwa kwa fremu. W210 na W211 zinatumia reki, ile bomba ndefu inayolala kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine.

Kwanza hakikisha ni oili ya stelingi

Gari ya zamani inaweza kuvuja vitu vitano tofauti, na vyote vikaangukia karibu mahali pamoja. Laza kadibodi safi chini ya pua usiku kucha, asubuhi ucheki.

- Maji safi yasiyo na harufu: hiyo ni eesii tu. Haina noma.
- Maji ya rangi yenye harufu tamu: ni ya radieta.
- Nyeusi au kahawia, nzito, inanuka kuungua: ni oili ya injini.
- Nyekundu, na doa liko nyuma kidogo, karibu katikati ya gari: shuku giaboksi ya otomatiki.
- Nyepesi, inateleza, nyekundu au ya rangi ya asali, na doa liko mbele: hapo ndipo stelingi inaanza kushukiwa.

Halafu thibitisha kwa kikopo. Weka alama ya kiwango cha oili leo, endesha siku mbili tatu, uangalie tena. Kwa vifuniko vyenye kijiti, utaona alama mbili: ya oili baridi na ya oili moto. Pima kulingana na hali ya injini, si kubahatisha. Kama kiwango kimeshuka, umeshampata mshukiwa.

Rangi peke yake isikudanganye. Oili ya stelingi iliyozeeka hugeuka nyeusi kama ya injini, na mwenye gari aliyekutangulia huenda alimwaga chochote alichopata.

Osha, kausha, halafu tafuta

Hapa ndipo mafundi wengi huruka. Injini ya Mbenzi ya zamani imefunikwa na uchafu wa miaka mingi, na oili huanguka mbali na mahali imetokea. Inaanzia juu kwa kikopo, inateremka kwa pampu, feni inaipuliza nyuma, na inadondokea kwa fremu. Ukiangalia chini tu, utalaumu kitu ambacho hakina hatia.

Osha pampu, paipu na boksi kwa dawa ya kuondoa grisi. Funika altaneta na nyaya kwa karatasi ya nailoni, na usipige maji ya presha kali moja kwa moja kwa mitambo ya umeme. Kausha kabisa. Washa injini, mwenzako azungushe stelingi pole pole kutoka upande mmoja hadi mwingine mara kadhaa. Akifika mwisho asiishikilie hapo zaidi ya sekunde chache, kwa sababu pampu inapika oili. Zima injini, chukua tochi na kitambaa cheupe, anza kupangusa kutoka juu ukishuka. Mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye shida.

Kama tone ni la kujificha, kuna rangi ya kuchanganya na oili ambayo hung'aa ukiimulika kwa tochi ya UV. Iweke, endesha siku moja, rudi ucheki gizani.

Mambo mawili ya usalama. Moja, usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi. Mbili, usipapase paipu ya presha kwa mkono injini ikiwa inanguruma. Oili ya presha ile inaweza kupenya ngozi, na hiyo ni safari ya hospitali.

Sehemu tano za kuangalia

*1. Sili ya kikopo.* Kwa hizi Mbenzi kikopo kimefungwa juu ya pampu, na katikati yake kuna oringi au gasketi. Ikikauka, oili huteremka na kulowesha pampu nzima. Ukiitazama utaapa ni pampu imekufa. Kama pampu imelowa kuanzia juu, anza hapa. Kazi yenyewe ni kunyonya oili, kufungua kikopo, kusafisha, kuweka sili mpya na kurudisha. Kama kikopo ni cha plastiki, angalia kama kina ufa. W124 ina filta ndogo ndani ya kikopo, ibadilishe hapo hapo. Usisahau sili ya kifuniko.

*2. Paipu ya kurudisha oili.* Huu ni mpira wa kawaida uliofungwa kwa klampu. Joto huufanya mgumu kama mti, kisha oili hupenya kwenye ncha. Unaweza kukaza klampu kidogo, lakini kama mpira umepasuka au umekauka, hakuna kukaza kutasaidia. Badilisha. Na hapa chanuka: usikubali fundi akuwekee mpira wa maji ya radieta au wa maji ya nyumbani. Oili huulainisha, unavimba, na siku moja unaachilia. Itisha mpira wa oili.

*3. Paipu ya presha.* Hii ina ncha za chuma zilizobanwa juu ya mpira. Hutoa jasho pale mpira unapoingia kwa chuma. Haikazwi kwa klampu, haifungwi kwa mpira wa tyubu, haipakwi gundi. Ni kununua nyingine, au kupeleka ile ya zamani kwa watu wa paipu za haidroliki wabane mpira mpya wa kiwango sawa cha presha. Kama viungo vyake vina washa za shaba au alumini, weka mpya. Za zamani zimeshabonyea.

*4. Sili ya shafti ya pampu.* Hii iko nyuma ya puli. Dalili yake ni oili iliyorushwa kwa duara karibu na puli, na mshipi uliolowa. Kama juu ya pampu ni kukavu lakini nyuma ya puli ni mafuriko, hapo fundi ana haki ya kutaja pampu. Hata hivyo, uliza kwanza kama kuna seti ya sili za pampu hiyo. Kama pampu hailii na shafti haichezi ukiitikisa, sili mpya zinaweza kutosha. Kama inalia hata baada ya kutoa hewa, au shafti inacheza, badilisha pampu yote. Mshipi uliolowa oili pia ubadilishwe, la sivyo utateleza.

*5. Boksi au reki.* Kwa W124, angalia chini ya boksi pale shafti inatokea na kushika mkono wa stelingi. Tone likining'inia hapo, sili ya chini imeisha. Mkono huo unatolewa kwa pula, si kwa nyundo, na lazima uwekewe alama kabla ya kutolewa ili urudi vile vile. Kwa W210 na W211, finya ile mipira ya mikunjo iliyo kwenye ncha za reki. Ikiwa imejaa oili, sili za ndani zimekwisha, na reki inahitaji kutengenezwa upya au kubadilishwa. Baada ya kazi ya reki, peleka gari ipimwe magurudumu.

Onyo kwa wenye W124: kuna skrubu juu ya boksi ambayo mafundi wengine hukaza ili kuondoa stelingi kucheza. Haizuii oili kuvuja, na ikikazwa kupita kiasi stelingi inaweza kukataa kurudi yenyewe baada ya kona. Hapo umeweka maisha rehani.

Oili gani?

Soma kifuniko na kitabu cha gari kabla ya kusoma bei. Mercedes-Benz ina kiwango chake cha oili ya stelingi, na chupa nzuri huandikwa kwamba inakidhi kiwango hicho. Usichanganye oili za aina tofauti kwa sababu tu rangi zinafanana. Na kamwe usiweke oili ya breki: inaharibu mipira yote ya stelingi, kisha badala ya sili moja unanunua zote.

Zile dawa za chupa za kuzuia kuvuja hufanya sili ivimbe kidogo. Zinaweza kukuvusha wiki kadhaa kama sili imenyauka tu. Haziponyi mpira uliopasuka wala kikopo chenye ufa.

Kutoa hewa

Kazi ikiisha bila kutoa hewa, pampu italia na utafikiri umekula hasara. Inua magurudumu ya mbele na uyaweke kwa stendi. Injini ikiwa imezimwa, jaza oili, kisha zungusha stelingi pole pole kutoka mwisho hadi mwisho mara kama ishirini, ukiongeza oili ikishuka. Washa injini, rudia taratibu. Oili ikiwa na povu, zima, ngoja povu iishe, endelea. Ikiwa safi na kiwango kimetulia, umemaliza. Mfumo unabeba lita moja na kidogo, kwa hivyo ukitaka kusafisha oili yote ya zamani nunua lita mbili. Ile chafu usiimwage kwa mtaro.

Naweza kuendesha hivyo hivyo?

Tone moja kwa wiki, na unaongeza oili ukipima kila mara: unaweza kujipanga hadi mwisho wa mwezi. Lakini ikiwa kikopo kinaisha kwa siku chache, simamisha gari. Pampu isiyo na oili hujisaga, na vumbi la chuma linasambaa hadi kwa boksi au reki. Hapo sili ndogo imegeuka kuwa bili ya mfumo mzima. Isitoshe, oili ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kutoa moshi, hata kuwaka. Na stelingi ikipoteza nguvu ghafla bado inageuka, ila inakuwa nzito sana, na katikati ya raundabauti huku matatu imekubana ubavuni si mahali pa kujifunza hilo.

Unanunua? Cheki hivi

Injini iliyooshwa ikang'aa asubuhi ya kukuonyesha gari inapaswa kukufanya ushuku. Itisha uendeshe nusu saa, zungusha stelingi hadi mwisho pande zote mbili, kisha rudi na tochi. Fungua kikopo: povu, oili nyeusi au harufu ya kuungua ni sababu ya kuteremsha bei. Na ukienda Kirinyaga Road kutafuta pampu ya eks-Japani, beba ile ya zamani mkononi, kwa sababu hizi Mbenzi zilikuja na injini tofauti na pampu tofauti. Zungusha shafti kwa vidole kabla ya kulipa. Ikikwaruza, achana nayo.

Na fundi akisema ni pampu, mwambie aoshe kwanza, akuonyeshe kwa tochi mahali oili inatokea. Anayejua kazi hatakasirika.