Nishani Iliyochelewa

Askari hufundishwa kutimiza wajibu bila ya kungoja sifa. Lakini chombo kinachomtuma vitani nacho kina wajibu wake, nao ni kumkumbuka. Wajibu huo ulisahauliwa kwa miaka mingi katika habari ya Kapteni Mbaye Diagne wa jeshi la Senegal.

Mwezi wa Aprili, 1994, mauaji ya halaiki yalipoanza nchini Rwanda, Kapteni Diagne alikuwako Kigali, akiwa mwangalizi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa asiyechukua silaha. Tarehe 7 aliuawa Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana. Kapteni huyo akawanusuru watoto wake. Tarehe 21 Baraza la Usalama likaamua kupunguza jeshi lake hadi watu 270 hivi. Yeye akabaki, akiwapitisha raia wachache wachache katika vizuizi vya wauaji, hata mamia wakaokoka. Tarehe 31 Mei kombora likaangukia karibu na gari lake kizuizini, akafa akiwa na umri wa miaka 36.

Rwanda ilimtunukia nishani mwaka 2010, ikapokewa na mjane wake kutoka kwa Rais Paul Kagame. Lakini Makao Makuu ya Umoja wa Mataifa hayakuipelekea familia yake hata neno moja la shukrani, seuze barua. Baraza la Usalama lenyewe lilikiri hivyo kwa masikitiko katika azimio namba 2154 la tarehe 8 Mei, 2014, lililoanzisha nishani yenye jina lake kwa wanajeshi, polisi na raia wenye ujasiri wa kipekee. Familia yake ikaipokea mwaka 2016, karibu miaka 22 baada ya kifo chake.

Je, nishani iliyochelewa kiasi hicho yafaa nini? Haimfufui marehemu, wala haiwarudishii wafiwa miaka ya ukimya. Hata hivyo, imewafaa wengine. Novemba, 2018, karibu na Beni, nchini Kongo, askari Chancy Chitete wa Malawi alipoteza maisha akimwokoa askari wa Tanzania aliyejeruhiwa. Mei, 2019, familia yake ilikabidhiwa nishani hiyo hiyo.

Wote wawili walitoa uhai wao. Mmoja alikumbukwa baada ya miezi sita, mwingine baada ya miongo miwili. Ushujaa wao ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni uangalifu wa wenye dhamana. Kamanda aliyepoteza askari na aandike barua yake wakati machozi ya wafiwa hayajakauka.