"Kwani Madevelopa Wetu Hawajui Kazi Yao?"

Mwaka jana niliingia kwa bosi na slaidi kumi na mbili na shati limepigwa pasi. Nilikuwa kwa kampuni ndogo ya apu ya mikopo hapa Nairobi, na ombi langu lilikuwa moja tu: tuanzishe kitengo cha kupima programu kabla haijamfikia mteja. Bosi akanisikiliza vizuri, akafunga laptopu, akauliza, "Kwani madevelopa wetu hawajui kazi yao?" Kikao kikaishia hapo.

Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikaanza kusoma historia, nikagundua swali hilo lina umri mkubwa kuliko mimi na bosi wangu.

Hebu turudi nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Marekani ilikuwa inajiandaa kumrusha mtu angani kwa mradi wa Mercury. Gerald Weinberg, aliyefanya kazi IBM kwenye programu za mradi huo, anatajwa kama mmoja wa watu wa kwanza kuunda kundi la wapimaji waliokaa kando na waandishi wa programu. Wazo lenyewe ni rahisi. Aliyeandika programu akiisoma tena, anaona alichokusudia kuandika, haoni alichoandika. Wahenga wetu walishamaliza hayo maneno: mganga hajigangi.

Lakini wazo kuwa zuri si sababu ya wakubwa kulikubali. Muulize Margaret Hamilton.

Huyu mama aliongoza kundi la MIT lililoandika programu za kuendesha vyombo vya Apollo. Wakati mwingine alikuwa anaenda kazini na binti yake mdogo, Lauren. Siku moja mtoto akawa anachezea vitufe vya mashine ya kuigiza safari, akaita programu inayoitwa P01, ile ya kutumika chombo kikiwa bado ardhini. Kwa mashine, safari ilikuwa tayari iko angani. Mfumo wote ukaanguka.

Mzazi mwingine angemkanya mtoto. Hamilton yeye akaona onyo. Kama mtoto ameweza, mwanaanga aliyechoka pia anaweza. Akaomba ruhusa ya kuongeza kinga ndani ya programu. Jibu la NASA? Wanaanga wamefunzwa wasikosee, haiwezi kutokea. Akaruhusiwa kuandika ilani tu kwenye maelezo: msichague P01 mkiwa safarini.

Desemba 1968, Apollo 8 ikirudi kutoka mwezini, Jim Lovell akabonyeza P01 kwa bahati mbaya. Data ya mwelekeo wa chombo ikapotea, na ikabidi wapange upya kwa kutumia nyota na msaada wa watu wa duniani. Walirudi salama. Na ile kinga iliyokuwa "haihitajiki" ikaruhusiwa.

Mwaka wa 2016 Hamilton alivishwa Nishani ya Uhuru ya Rais na Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya. Makofi mengi. Lakini mimi nabaki na swali moja: mbona ilibidi kosa litokee kwanza angani?

Kuna funzo la pili, na hili ni chungu zaidi. Januari 28, 1986, chombo cha Challenger kililipuka na watu 7 wakafa. Hapo tatizo halikuwa programu, lilikuwa mpira wa kuziba maungio ya roketi. Ila usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi walionya, na mameneja wao wakawapiku. Mapendekezo yaliyofuata mkasa huo yalichangia NASA kuanzisha, mwaka wa 1993, kituo maalum cha kuhakiki programu huko Fairmont, West Virginia. Nguvu ya kituo hicho ni uhuru: anayepima hapimi kwa amri wala kwa bajeti ya anayetengeneza. Ndiyo maana mimi sikuomba tu mtu wa kupima. Mpimaji akiwa chini ya mtu mwenye presha ya tarehe, siku ya mwisho atanyamazishwa.

Na msidhani haya ni mambo ya roketi pekee. Machi 2013, skrini za Bomas zilionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Baadaye tume ikaeleza kwamba hitilafu ya programu ilikuwa inazidisha idadi hiyo mara nane. Kumbuka joto la nchi siku zile. Kosa dogo la hesabu, taifa zima limeshika roho.

Sasa, nilirudi kwa bosi? Nilirudi. Lakini safari hii niliacha slaidi za "ubora" nyumbani. Nilibeba malalamiko ya wateja ya miezi mitatu, nikaandika kando ya kila moja saa ngapi tulitumia kurekebisha na nani alikesha. Kulikuwa na mama mmoja aliyekatwa malipo ya mkopo mara mbili siku ya kulipa karo. Huyo nilimweka juu kabisa. Sikuomba kitengo tena. Niliomba mtu mmoja, miezi mitatu, asiyeripoti kwa mkuu wa madevelopa.

Bosi alisoma ile ya karo mara mbili. Hakuuliza tena kama madevelopa wanajua kazi. Aliuliza, "Huyo mtu anaanza lini?"

Bado si kitengo, ni kiti kimoja tu karibu na dirisha. Lakini Hamilton alianza na ilani ya sentensi moja. Kama unaenda kuomba nafasi kama hii, usiende kuwaambia wakubwa kinachoweza kutokea. Hilo watalikana. Nenda na kilichotokea tayari, chenye jina la mteja na bei yake. Usingoje P01 yako.